Kwa nini gramu 6 za magnesi zinataka gramu 4 za oksijeni, si 3

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Fomula ya kutafuta moli ninayo kichwani: masi gawanya kwa masi ya moli moja. Shida inaanza swali linapokuja na mlinganyo. Nimeulizwa: gramu 6 za magnesi zikiungua zote, zinahitaji gramu ngapi za oksijeni? Mlinganyo ni 2Mg + O₂ → 2MgO. Nikaona magnesi 2, oksijeni 1, nikajibu gramu 3. Jibu sahihi ni 4. Hiyo 4 imetoka wapi? Tena sielewi kwa nini oksijeni mara ni 16, mara ni 32. Na kusema kweli, hii moli yenyewe sijawahi kuelewa ni kitu gani."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu, na nafurahi umethubutu kuliuliza hilo la mwisho, maana ndilo lililoyazaa mawili ya kwanza. Kwa hiyo nitaanzia hapo, ila si kwa kukupa fasili. Fasili umekwisha kuzikariri, na hazijakusaidia.

Chukua bolti moja inayofungwa kwa nati mbili. Tuseme bolti ina gramu 40 na nati ina gramu 10. Ukiwa na bolti 100 unahitaji nati 200. Sasa zipime: bolti zote ni kilo 4, nati zote ni kilo 2. Umeona? Kwa idadi, nati ni maradufu ya bolti. Kwa uzito, ni nusu yake. Mtu akisikia "bolti moja kwa nati mbili", halafu akaleta kilo 4 za bolti na kilo 8 za nati, atabaki na rundo la nati asizojua azipeleke wapi. Kosa lake ndilo lako: umechukua uwiano wa idadi ukaupachika kwenye gramu.

Mlinganyo wa kikemia haujui gramu hata kidogo. Unaposoma 2Mg + O₂ → 2MgO, unaambiwa habari za idadi tu: atomu mbili za magnesi zinakutana na molekuli moja ya oksijeni. Mzani nao haujui idadi. Wenyewe unasoma gramu. Mmoja anahesabu, mwingine anapima, na hawasikilizani. Moli ndiyo mkalimani wao.

Turudi kwenye nati kidogo. Fundi mwenye shehena ya nati hakai kuhesabu moja moja. Anapima shehena yote, tuseme ni kilo 100, anagawanya kwa gramu 10 za nati moja, anajua ana nati 10,000. Amehesabu kwa kupima. Ile fomula yako ya masi gawanya kwa masi ya moli moja haina zaidi ya hapo. Ni kuhesabu vitu visivyohesabika kwa mkono, kwa kutumia mzani.

Basi moli ni neno la kuhesabia, sawa na jozi, dazeni na korija. Jozi ni 2, dazeni ni 12, korija ni 20, moli ni 602,214,076,000,000,000,000,000. Kwa kuwa hakuna mwenye subira ya kuandika sifuri zote hizo, tunaandika 6.02214076 × 10²³, na kwenye mahesabu ya shule 6.02 × 10²³ inatosha. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa kimataifa kuwa ndiyo fasili yenyewe ya moli, haipimwi tena. Kabla ya hapo, tangu 1971, moli ilifasiliwa kuwa ni idadi ya chembe iliyo sawa na idadi ya atomu zilizomo ndani ya gramu 12 za kaboni-12 (aina mojawapo ya atomu za kaboni). Kwa mahesabu yako, mabadiliko hayo hayaongezi wala hayapunguzi kitu.

Lakini kwa nini namba hiyo na si namba nyepesi, kama bilioni moja? Hapa ndipo walimu wengi tunapopita mbio, na wanafunzi wanabaki wakidhani ni namba ya miujiza. Siri yake ni ndogo. Atomu hazipimwi kwa gramu, kwa sababu gramu ni kubwa mno kwake. Zina kizio chao kidogo, na kwa kizio hicho atomu ya kaboni-12 ni 12 kamili, ya hidrojeni ni kama 1, ya magnesi ni kama 24. Kizio hicho kimoja ni sawa na gramu 1.66 × 10⁻²⁴. Sasa uliza: vizio hivyo vingapi vinajaza gramu moja? Gawanya 1 kwa 1.66 × 10⁻²⁴ utapata 6.02 × 10²³. Ndiyo hiyo. Namba hii, iitwayo namba ya Avogadro, ni kiwango cha kubadilishia tu, kati ya kizio cha atomu na gramu.

Faida yake ni kwamba namba moja ya kwenye jedwali la elementi unaisoma mara mbili. Magnesi ni 24: atomu moja ni vizio 24, na moli moja ya atomu hizo ni gramu 24. Huna haja ya jedwali la pili. Mwenye kuchagua namba hiyo alikuwa anakurahisishia kazi, ingawa haionekani hivyo siku ya kwanza.

(Amedeo Avogadro mwenyewe, Mwitaliano, hakuwahi kuijua namba inayobeba jina lake. Wazo lake la 1811 lilikuwa juu ya gesi, nitalifikia chini. Alifariki 1856. Aliyeipa namba hiyo jina lake ni Mfaransa Jean Perrin, mwaka 1909. Na neno "moli" lilitokana na Wilhelm Ostwald, mkemia aliyekaa miaka mingi akitilia shaka kama atomu zipo kweli! Sayansi nayo ina vichekesho vyake.)

Sasa swali lako. Mg ni 24, O ni 16. Unazo gramu 6 za magnesi. Zitoe kwenye lugha ya mzani uzipeleke kwenye lugha ya idadi: 6 ÷ 24 = moli 0.25. Hapo tu ndipo una ruhusa ya kuugusa mlinganyo. Mlinganyo unasema kila moli 2 za Mg zinataka moli 1 ya O₂, yaani nusu yake, basi 0.25 inataka 0.125. Kisha rudi kwenye mzani: moli moja ya O₂ ni gramu 32, hivyo 0.125 × 32 = gramu 4. Hiyo ndiyo 4 yako.

Usiiache hapo, ikague. Oksidi ya magnesi itakayopatikana ni moli 0.25, na MgO moja ni 24 + 16 = 40, kwa hiyo ni gramu 10. Ulianza na 6 za magnesi na 4 za oksijeni, ukaishia na 10. Hakuna kilichopotea, hakuna kilichozuka. Lile jibu lako la gramu 3 lingekupa jumla ya 9 upande mmoja na 10 upande wa pili, na hilo lingetosha kukustua kabla hujageuza ukurasa. Mimi sijawahi kuwaelewa wanafunzi wanaokataa kufanya ukaguzi huu. Ni mstari mmoja tu.

Kuhusu 16 na 32: jibu ni swali lingine, nalo ni "moli ya nini?" Usiandike neno moli bila kusema ya nini. Moli moja ya atomu za oksijeni, O, ni gramu 16. Moli moja ya molekuli za oksijeni, O₂, ni gramu 32, kwa sababu kila molekuli ina atomu mbili. Ni kama kusema "jozi moja ya viatu" na "kiatu kimoja": kitu ni kilekile, unachokihesabu si kimoja. Oksijeni ya hewani inatembea wawili wawili, ndiyo maana mlinganyo umeandika O₂, na ukiona O₂ unatumia 32. Oksijeni ikiwa imefungwa ndani ya kampaundi, kama kwenye MgO, unahesabu atomu zilizoandikwa hapo, 16 kwa kila moja.

Jaribu hili uone linavyotega. Gramu 9 za maji zina atomu ngapi? H₂O ni 18, kwa hiyo ni moli 0.5 za molekuli. Wengi watazidisha 0.5 kwa 6.02 × 10²³, waandike 3.01 × 10²³, wafunge daftari. Hizo ni molekuli. Swali limeuliza atomu, na kila molekuli ya maji ina tatu, hivyo jibu ni 9.03 × 10²³. Na katika hizo, za hidrojeni ni 6.02 × 10²³, moli moja kamili.

Kuna swali hukuniuliza, lakini utakutana nalo wiki hiihii: unapewa masi za vitu vyote viwili vinavyomenyuka. Mathalani gramu 10 za hidrojeni na gramu 64 za oksijeni, 2H₂ + O₂ → 2H₂O, yatapatikana maji gramu ngapi? Jicho linakuambia hidrojeni ni kidogo, ndiyo itakayowahi kwisha. Jicho linasoma mzani, na mzani si wa kuulizwa. Badili kwanza: hidrojeni 10 ÷ 2 = moli 5, oksijeni 64 ÷ 32 = moli 2. Moli 2 za oksijeni zinahitaji moli 4 za hidrojeni, nazo zipo, na moja inazidi. Oksijeni, iliyokuwa na gramu nyingi zaidi ya mara sita, ndiyo inayokwisha mapema, na ikisha kwisha shughuli imesimama. Kwa hiyo hesabu zako zote zinatoka kwake: moli 2 za O₂ zinatoa moli 4 za maji, mara 18, gramu 72. Inabaki moli moja ya hidrojeni, gramu 2. Kagua: 72 na 2 ni 74, ulizoanza nazo.

Njia ya haraka ya kumjua anayewahi kwisha ni kugawanya moli za kila kitu kwa namba iliyotangulia fomula yake katika mlinganyo. Hidrojeni 5 ÷ 2 = 2.5; oksijeni 2 ÷ 1 = 2. Mwenye namba ndogo ndiye. Lakini tumia njia hii ukishaelewa sababu yake, usije ukaikariri kama ulivyoikariri ile ya kwanza.

Gesi ni habari nyingine kidogo, na hapa nina jambo la kukufurahisha: njia yako ya mkato ina mahali inapofanya kazi. Wazo la Avogadro la 1811 ni kwamba gesi zikiwa na ujazo sawa, joto sawa na kanieneo sawa (yaani gesi inavyosukuma kuta za chombo), zina idadi sawa ya molekuli, gesi yoyote iwayo. Kama ni hivyo, ujazo wa gesi ni idadi iliyovaa nguo nyingine. Katika N₂ + 3H₂ → 2NH₃, lita 10 za nitrojeni zinataka lita 30 za hidrojeni, moja kwa moja, bila kupita kwenye moli, mradi zimepimwa katika hali ileile. Kwenye lita za gesi unaruhusiwa kufanya ulichofanya. Kwenye gramu, kamwe.

Swali likichanganya gramu na lita, moli inarudi kazini. Choma gramu 25 za kabonati ya kalsiamu: CaCO₃ → CaO + CO₂. CaCO₃ ni 40 + 12 + 48 = 100, hivyo una moli 0.25, na CO₂ itakayotoka ni moli 0.25 vilevile. Moli moja ya gesi katika nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja hujaza lita 22.4, basi unapata lita 5.6. Katika joto la kawaida la chumba hutumika takriban lita 24 kwa moli, nawe ungepata lita 6. Wapo wanaotumia lita 22.7, na hawajakosea: hiyo ni kwa nyuzi 0 na kilopaskali 100, kanieneo iliyo chini kidogo ya angahewa moja. Swali lenyewe litakuambia ni hali ipi. Lisome hadi mwisho kabla hujachagua. Namba hizi ni za gesi peke yake. Nimeona mtu akitumia 22.4 kwa maji ya kimiminika. Moli moja ya maji hayo ni mililita 18 tu, hata kikombe hazijazi.

Kwenye mimumunyo, mlango wa kuingilia ni ukolezo: moli zilizomo katika lita moja. Zidisha ukolezo kwa ujazo unapata moli. Sumu ya hapa ni vizio, kwa sababu bureti na pipeti, mirija ya kupimia vimiminika, zinasoma sentimita za ujazo na ukolezo unataka lita. Gawanya kwa 1000 kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Tuseme sentimita za ujazo 25.0 za hidroksidi ya sodiamu yenye ukolezo wa moli 0.100 kwa lita zimezimuliwa kikamilifu (yaani zimemenyuka zote, pasibaki alkali wala asidi) na sentimita za ujazo 20.0 za asidi ya salfuriki. Ukolezo wa asidi ni upi? Moli za NaOH ni 0.100 × 0.0250 = 0.00250. Mlinganyo: 2NaOH + H₂SO₄ → Na₂SO₄ + 2H₂O, mbili kwa moja, kwa hiyo asidi ni nusu, 0.00125. Gawanya kwa lita 0.0200: moli 0.0625 kwa lita. Atakayesahau kuwa asidi hii inatoa hidrojeni mbili atapata 0.125, na jibu litaonekana zuri tu. Ndiyo maana nasema mlinganyo uwe umesawazishwa kabla hujashika kikokotoo. Mlinganyo usiosawazishwa unakupa idadi ya uongo, na fomula haiwezi kuugundua uongo huo.

Kosa jingine nakusimulia kwa sababu nililifanya mwenyewe nikiwa kijana. Niliagizwa niandae mililita 250 za mmumunyo wa salfeti ya shaba, moli 0.100 kwa lita. Nikajumlisha CuSO₄: 63.5 + 32 + 64 = 159.5. Moli zinazohitajika 0.0250, gramu 3.99. Nikapima kwa makini, nikajaza maji hadi alama, nikajipongeza. Ila fuwele za bluu nilizokuwa nazo hazikuwa CuSO₄. Zilikuwa CuSO₄·5H₂O, kila moja imebeba molekuli tano za maji ndani yake, na masi ya moli yake ni 249.5. Nilipaswa kupima gramu 6.24. Mmumunyo wangu ulikuwa na moli kama 0.064 kwa lita, na matokeo ya watu wote waliotumia chupa ile siku hiyo yalikuwa ovyo. Hesabu yangu haikuwa na dosari hata moja, nilichokosea ni lile swali la "moli ya nini?" Lebo ya chupa ilikuwa imelijibu, mimi sikuisoma.

Kutafuta fomula ya kampaundi kutokana na asilimia ni safari hiihii kwa upande wa pili, nalipitia kwa ufupi. Kampaundi ina kaboni 40.0%, hidrojeni 6.7%, oksijeni 53.3%. Chukulia una gramu 100, gawanya kila moja kwa namba yake: 40.0 ÷ 12 = 3.33, 6.7 ÷ 1 = 6.7, 53.3 ÷ 16 = 3.33. Gawanya zote kwa iliyo ndogo, unapata 1, 2, 1, yaani CH₂O. Angalia kuwa nimegawanya oksijeni kwa 16, si 32, maana hapa tunahesabu atomu zilizomo ndani ya kampaundi. Huo ni uwiano tu. CH₂O ni 30. Ukiambiwa masi ya moli ni 60, zidisha mara mbili, C₂H₄O₂. Ukiambiwa 180, mara sita, C₆H₁₂O₆, ambayo ni glukosi.

Nakuachia moja ya kufanyia mazoezi, ya magnesi ileile. Gramu 12 za magnesi na gramu 12 za oksijeni zimefungiwa pamoja, zikawashwa. Itapatikana oksidi gramu ngapi, na nini kitabaki? Usisome mstari unaofuata kabla hujafanya.

Magnesi ni moli 0.5, oksijeni ni moli 0.375. Magnesi inataka 0.25 tu ya oksijeni, inakwisha yote na kutoa gramu 20 za MgO. Oksijeni inabaki moli 0.125, gramu 4. Ukiwa umeandika 24, umejumlisha mzani bila kuuliza idadi, rudi kwenye bolti na nati. Ukiwa umepata 20 lakini ukasema inabaki gramu 2, umetumia 16 badala ya 32.